Kola ya Risasi Si Hirizi

CHUMBA CHA GIZA: Bibi anajibu barua za wasomaji

Miezi miwili hii barua zenu zimehamia shingoni. Nilizoea kuulizwa juu ya mifupa iliyounga vibaya na vifua vyenye kikohozi kisichokoma. Sasa kila bahasha ninayofungua ni tezi, tezi, tezi. Nimechagua sita, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika anateseka.

Kwa msomaji mgeni: nilipiga picha za eksirei miaka 34 kabla ya kustaafu. Nilianza enzi za filamu zilizosafishwa gizani kwa taa nyekundu, ndipo safu hii ikapata jina. Mimi si daktari. Yanayohitaji daktari, nampelekea daktari ayasome kwanza.

*

Shikamoo Bibi. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Alianguka kutoka kitanda cha juu, akapoteza fahamu kwa muda, kisha akatapika mara nne. Wakampiga CT ya kichwa, ile eksirei inayoonyesha ndani kipande kwa kipande. Siku ya tatu kichwa kikazidi kumuuma, wakampiga tena. Picha zote mbili zilikuwa safi. Baadaye nikasoma kwamba CT moja ya kichwa ni sawa na eksirei 100 za kifua, na kwamba watoto wanaopigwa mionzi hupata saratani ya tezi ya shingo. Tangu hapo silali. Je, nilikubali haraka mno? Nimemharibu mwanangu?
Mama asiyelala

Marahaba mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi: hapana, hukumharibu.

Mtoto aliyepoteza fahamu na kutapika mara nne anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu, na damu hiyo haimsubiri mtu. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 42,412 walioumia kichwa, wakatafuta dalili zinazomtenga mtoto anayehitaji CT na yule asiyeihitaji. Kupoteza fahamu, kutapika, kichwa kuuma sana na kuanguka kutoka mahali pa juu yote yamo katika orodha yao. Dalili ikiwa moja, daktari anaweza kumweka mtoto chini ya uangalizi kwa saa kadhaa badala ya kupiga picha. Zikiwa mbili tatu, kama kwa mwanao, mizani inaelekea kwenye CT. Picha ya pili ningeulizia zaidi, lakini kichwa kilichozidi kuuma siku ya tatu si jambo la kupuuzwa.

Sasa twende kwenye tezi. Thairoidi, ambayo wengine huiita tezi dundumio, ina umbo la kipepeo aliyetua mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kunyonya madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni. Kwa mtoto, seli za tezi hii bado zinagawanyika ili ikue. Kwa mtu mzima zimetulia, karibu zimelala. Mionzi ya eksirei huweza kukata uzi wa DNA ndani ya seli. Seli iliyotulia ina muda wa kurekebisha kosa au kufa nalo. Seli inayogawanyika inaweza kulirithisha. Ndiyo maana katika habari nzima ya mionzi na thairoidi, umri una uzito kuliko kitu kingine chochote.

Hilo halikujulikana kwa kubahatisha. Röntgen aligundua miale hii Novemba 1895, na haikuchukua muda watu wakaanza kuitumia kutibu, si kupiga picha tu. Miongo kadhaa baadaye watoto wachanga walikuwa wakimulikwa kifuani ili kupunguza thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, wengine wakimulikwa mafindofindo, wengine chunusi. Mwaka 1950 madaktari wa Marekani waliokuwa wakiwatibu watoto wenye saratani ya thairoidi waligundua kwamba kadhaa kati yao walikuwa wamemulikwa thaimasi walipokuwa wachanga. Huko Israel, kati ya mwaka 1948 na 1960, watoto zaidi ya 10,000 walimulikwa vichwani kwa ajili ya mapunye. Naam, mapunye! Shingo haikulengwa kabisa, lakini mionzi iliyotawanyika iliifikia tezi kwa wastani wa miligrei 90 hivi (grei ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na kiungo). Walipofuatiliwa miaka mingi baadaye, saratani ya thairoidi kwao ilikuwa takriban mara nne ya wenzao ambao hawakumulikwa.

Mwaka 1995 watafiti wakakusanya pamoja tafiti saba za namna hiyo, wakiwemo waliopona mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, jumla watu karibu 120,000. Kwa waliopigwa mionzi kabla ya kufika miaka 15, kila grei moja iliongeza hatari ya saratani hii mara 7.7 juu ya ile ya kawaida. Ongezeko hilo lilionekana hata miaka 40 baadaye. Kwa waliopigwa baada ya miaka 20 halikuonekana sawasawa. Na mwaka 2017 uchambuzi mwingine wa makundi tisa ukaonyesha kwamba kwa watoto hatari hupanda pamoja na dozi hata chini ya miligrei 100. Kwa hiyo uliyoyasoma si uzushi. Kilichokosekana ni vipimo.

Hiyo "eksirei 100 za kifua" ni kweli kwa namna yake. CT ya kichwa huwa na milisiverti 2 hivi, na picha ya kifua kama 0.02. Lakini siverti ni kipimo cha mwili mzima: mtu amechukua dozi ya kila kiungo, akaipa uzito kadiri kiungo hicho kinavyodhurika na mionzi, akajumlisha. Haikwambii tezi imepata nini. Ukitaka kujua habari za tezi, uliza miligrei zilizofika kwenye tezi.

Katika CT ya kichwa peke yake, tezi haimo ndani ya miale. Inapata mabaki yaliyotawanyika. Nitakadiria juu kwa makusudi: tuseme picha zote mbili zimeipa miligrei 5. Grei moja ni miligrei 1,000. Chukua 7.7 uzidishe kwa 0.005, unapata karibu 0.04, yaani nyongeza ya asilimia 4 juu ya hatari aliyokuwa nayo hata asingeanguka. Na hatari hiyo ya mwanzo ni ndogo, hasa kwa mvulana, maana saratani hii huwapata wanawake kama mara tatu ya wanaume. Tuseme kati ya wavulana 1,000, watano wangeipata maishani. Baada ya nyongeza wanakuwa 5.2. Ili apatikane mgonjwa mmoja wa ziada, unahitaji watoto 5,000 waliopigwa kama wa kwako. Ukitaka niwe mkali zaidi, nitatumia matokeo ya wale watoto wa mapunye, ambayo ni mabaya kuliko wastani: mmoja kati ya 1,200 hivi. Weka hesabu hiyo upande mmoja, na upande wa pili weka mtoto anayetapika na hujui kama ubongo wake unabanwa na damu.

Ingekuwa CT ya shingo nisingekujibu kwa utulivu huu. Pale tezi imo katikati ya miale, na inaweza kupokea kuanzia miligrei 10 hadi makumi kadhaa. Hivyo rudi usome karatasi ya majibu. Kama imeandikwa "kichwa" tu, vizuri. Kama imeandikwa "kichwa na shingo", bado si msiba, ila iandike mahali, na siku nyingine mtu akitaka kurudia shingo muulize kama ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) au MRI (picha ya sumaku) haitoshi. Hivyo viwili havina mionzi ya aina hii hata chembe.

Nikuambie kisa changu, kisha nikuache. Mwaka wangu wa pili kazini niliandikiwa kumpiga picha ya kifua mtoto wa miaka miwili. Alikuwa anafurukuta kama samaki aliyetolewa majini. Nikaogopa kuyakosa mapafu, nikafungua dirisha la miale mpaka mwisho. Filamu ilipotoka, ilionyesha mtoto kuanzia taya hadi nyonga. Mapafu yalionekana vizuri, nami nikajiona hodari. Msimamizi wangu akaibandika kwenye sanduku la taa, akachukua kalamu ya nta, akachora kisanduku kuzunguka mapafu peke yake. Akanyoosha kidole shingoni, akanyoosha tumboni, akaniuliza: "Na haya mengine uliyapiga kwa ajili ya nani?"

Sina jibu mpaka leo. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kubonyeza kitufe bila kuitazama ile taa ya mpaka ilipoangukia mwilini. Basi mwanao akihitaji picha nyingine, maswali yako ni matatu: jibu la picha hii litabadilisha matibabu gani? Mnapiga kuanzia wapi mpaka wapi? Mashine imewekwa vipimo vya mtoto au vya mtu mzima? Mpiga picha mzuri hachukii kuulizwa hayo. Na zitunze picha zako kwenye diski, maana picha nyingi hurudiwa kwa sababu tu za kwanza hazionekani zilipo.

Usimpeleke kuchunguzwa tezi sasa. Hakuna cha kutafuta, na sababu utaiona nikimjibu msomaji wa nne. Uvimbe shingoni usioondoka, au sauti inayokwaruza wiki kadhaa bila mafua, ndiyo ya kupeleka kwa daktari, kwa mtoto huyu au mwingine yeyote.

*

Bibi, nina miaka 52. Kila baada ya miaka miwili nafanya mamografia. Dada yangu amenitumia ujumbe wa sauti unaosema mashine ile ndiyo inayowapa wanawake saratani ya thairoidi, na kwamba lazima udai kola ya risasi, ile ya madini inayofungwa shingoni kuzuia mionzi. Niliidai, wakanikatalia. Kwa nini?
Mwenye wasiwasi wa miaka 52

Ujumbe huo umezeeka, dada. Miaka zaidi ya kumi iliyopita daktari mmoja wa televisheni Marekani alisema maneno ya namna hiyo, na mpaka leo yanazunguka yakibadilisha lugha tu.

Katika mamografia titi hubanwa kati ya sahani mbili na miale huelekezwa kwenye titi. Shingo haimo. Kinachoifikia tezi ni mtawanyiko ambao wataalamu wa radiolojia wa Marekani waliulinganisha na dakika 30 za mionzi ya asili, ile inayotoka ardhini, angani na ndani ya miili yetu wenyewe, ambayo wastani wake duniani ni milisiverti 2.4 kwa mwaka. Nusu saa! Muda huo huo uliokaa kwenye benchi ukisubiri kuitwa. Na una miaka 52; yale niliyomweleza mama wa kwanza kuhusu seli zilizolala yanakuhusu wewe.

Walikukatalia kola kwa sababu ukingo wake huweza kuingia kwenye picha, hasa ile inayopigwa kwa mshazari kutoka kwapani. Ukiingia, picha inarudiwa. Nimeirudia kwa sababu hiyo mara mbili kabla sijaacha kubishana na mwongozo. Endelea na mamografia yako.

*

Kwako Bibi. Daktari wangu wa meno alikuwa akinivika aproni nzito na kola kila anaponipiga picha. Safari hii hakunivika kitu. Nilipouliza akasema "siku hizi hatutumii." Huu si uzembe?
Msomaji mwenye jino bovu

Inategemea kilichobadilika pamoja na hiyo kola.

Zamani mashine ya meno ilitoa mwale mpana wa duara, na filamu ilihitaji mionzi mingi kabla haijashika picha. Shingo ilikuwa jirani wa karibu mno, hivyo kola ilikuwa na kazi. Siku hizi kihisio cha dijitali kinatosheka na kidogo sana, na mwale unaweza kubanwa kwa umbo la mstatili ulingane na kile kihisio mdomoni. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, kilekile kilichohimiza kola miaka 12 nyuma, kilisema aproni na kola hazihitajiki tena. Katika picha ya taya zima, ile ambayo mashine inakuzunguka kichwa, kola huweza hata kufunika sehemu ya taya na kulazimisha kurudia.

Wapo wanaotaja utafiti wa Kuwait wa mwaka 2010: wagonjwa 313 wa saratani ya thairoidi waliulizwa kuhusu picha za meno, na walionekana kupigwa zaidi kuliko wenzao wazima, hatari ikiwa kama mara mbili. Nimeusoma. Ulitegemea kumbukumbu za watu, na mtu mwenye saratani hukumbuka kila picha aliyowahi kupigwa huku jirani yake akiwa amesahau. Siutupi, ila sijengi nyumba juu yake.

Ninachokutaka umwulize daktari wako si kola. Mwulize: mwale wako ni wa duara au wa mstatili? Picha hii ni kwa sababu ya jino hili, au ni ya kawaida kila nikija? Kama ana mashine kuukuu yenye mwale wa duara halafu ametupa kola kwa sababu amesikia kwamba haitumiki tena, hapo una haki ya kunung'unika. Na kama kola inakutuliza moyo katika zile picha ndogo za ndani ya mdomo, iombe uvikwe, haikudhuru. Ila si hirizi. Kuivaa hakuigeuzi picha isiyo na sababu kuwa salama.

*

Wewe Bibi unawatetea wenzako. Takwimu ziko wazi: saratani ya thairoidi imepanda duniani tangu hospitali zijae CT. Mnaogopa kusema ukweli kwa sababu ni kazi yenu.
Asiyedanganyika

Sina kazi ya kuilinda, nimestaafu. Lakini umeuliza jambo la maana kwa ukali usiohitajika, basi nikujibu kwa kirefu.

Ni kweli imepanda. Ni kweli pia kwamba kwa watoto CT ina hatari, na hapo juu nimekupa tarakimu. Na kama unataka ushahidi wa mionzi inavyofanya ikiwa mingi, unao: Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986. Iodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na tezi zao zikaivuta kwa pupa kama zinavyovuta iodini yoyote. Kufikia mwaka 2015 karibu watu 20,000 waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali, Ukraine, Belarus na sehemu za Urusi, walikuwa wamegunduliwa na saratani hii. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia mionzi ilikadiria kwamba robo yao hivi ilitokana na mionzi yenyewe.

Robo! Na hao wengine? Wengi walionekana kwa sababu walitafutwa. Hapo ndipo ninapotaka uje nami Korea Kusini. Mwaka 1999 serikali ilianzisha uchunguzi wa saratani kwa wananchi. Thairoidi haikuwamo, lakini kliniki zilikuwa na mashine za ultrasaundi na zikawa zinawaongezea watu kipimo cha shingo papo hapo. Kufikia mwaka 2011 wagonjwa wapya wa thairoidi walikuwa mara 15 ya mwaka 1993, zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja. Mara kumi na tano. Na vifo? Havikubadilika. Vilibaki palepale, 300 hadi 400 kwa mwaka. Ultrasaundi haina mionzi, ndugu yangu. Mlima wote huo ulijengwa na macho, si na miale.

Ukweli ni kwamba watu wengi wana visaratani vidogo kwenye tezi ambavyo havitawahi kuwasumbua. Huko Finland, mwaka 1985, wachunguzi walizikata tezi za maiti 101 vipande vyembamba, wakavikuta kwa zaidi ya theluthi yao, watu waliokufa kwa mambo mengine kabisa. Ukivitafuta utavipata. Na ukivipata, mtu anaondolewa tezi: anameza vidonge maisha yake yote. Na kwa Wakorea hao, wagonjwa 11 hivi katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji waliharibikiwa na vitezi vya jirani vinavyodhibiti kalsiamu, na wawili wakapooza kamba ya sauti. Mwaka 2014 madaktari wenyewe walisimama hadharani kukataza uchunguzi huo wa kila mtu, na idadi ikashuka upesi.

CT inaingia hapa kwa mlango usioutazamia. Unampiga mtu CT ya kifua kutafuta nimonia, ukingoni mwa picha kinaonekana kinundu cha thairoidi, anapelekwa ultrasaundi, anachomwa sindano, anaambiwa ana saratani. Katika takwimu ataonekana kama mtu aliyepigwa CT kisha akapata saratani. Lakini kinundu kilikuwepo kabla ya mashine kuwashwa. Ndiyo maana nausoma kwa uangalifu hata ule utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2013, wa watu 680,000 waliopigwa CT kabla ya miaka 20. Saratani zilionekana kuzidi kwa asilimia 24 kwa jumla, thairoidi ikiwamo. Sehemu ya ziada hiyo naamini ni mionzi. Sehemu nyingine ni watu waliopigwa picha kwa sababu tayari kulikuwa na kitu, au walioendelea kuchunguzwa kwa sababu ya kile kilichoonekana. Kuzitenganisha ni kazi ngumu, na anayekwambia amezitenganisha kwa sentensi moja anakuuzia kitu.

Sasa niite mtetezi.

*

Bibi, nina rovu, yaani tezi iliyovimba shingoni, na natakiwa kuchomwa dawa yenye mionzi ili ipigwe picha. Ninanyonyesha. Nifanye nini?
Mama wa mtoto wa miezi mitano

Kabla ya yote, mwambie aliyekuandikia kipimo kwamba unanyonyesha, na umwambie tena atakayekuchoma. Usidhani mmoja amemweleza mwenzake.

Mara nyingi dawa hiyo ni teknishiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila saa 6. Watakueleza ukamue na kumwaga maziwa kwa muda gani. Wakitaja iodini 131, simama hapo. Hiyo hupungua nusu kwa siku 8, huingia kwenye maziwa, na tezi ya mtoto wako itaivuta. Kwa hiyo huwezi kupewa hiyo bila kumwachisha kabisa mtoto huyu kunyonya. Mjamzito naye hapewi, maana tezi ya mtoto tumboni huanza kuvuta iodini kwenye wiki ya 10 hadi 12. Uliza kama ultrasaundi na kipimo cha damu havitoshi kwa sasa. Kwa wenye rovu wengi vinatosha kuanzia.

Kuhusu hatari kwako wewe mwenyewe: huko Sweden walifuatilia wagonjwa zaidi ya 30,000 waliopewa iodini 131 ya kupimia tezi, kwa dozi ambazo leo zingetushangaza. Kwa watu wazima ambao hawakuwa wameshukiwa uvimbe tangu mwanzo, saratani ya thairoidi haikuzidi.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa radiolojia, mwaka wa kwanza. Samahani kama ni utovu wa adabu: miaka 34 ndani ya chumba cha eksirei, tezi yako wewe ikoje?
Mwanafunzi

Marahaba mjukuu wangu. Si utovu wa adabu, nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Beji yangu ya kupimia mionzi ilisomwa kila baada ya miezi mitatu, na hata mwaka mmoja haikufikia milisiverti 2, wakati kikomo cha sisi wafanyakazi ni wastani wa 20 kwa mwaka. Lakini beji huvaliwa kifuani chini ya aproni, na shingo inabaki nje. Nami miaka ya mwanzo nilikuwa na tabia mbaya: mtoto akilia, nilimshika mwenyewe. Mama yuko nje, msaidizi hayupo, foleni ndefu, namshika na kumwachia mwenzangu abonyeze. Baadaye nikasoma matokeo ya wapiga eksirei wa Marekani, zaidi ya 140,000, wanaofuatiliwa tangu mapema miaka ya 1980: wale waliosema waliwahi kushika wagonjwa mara 50 au zaidi walionekana kuzidi kidogo kwa saratani ya thairoidi. Mimi hamsini yangu niliimaliza kabla ya kutimiza mwaka. Wewe usishike. Tumia mikanda na sponji, na kama lazima ashikwe na mtu, awe mzazi asiye mjamzito, avae aproni na kola, asimame pembeni ya mwale. Kwa aliyesimama karibu na mwale kola ina kazi yake halisi, na ukienda mbali mara mbili dozi inashuka hadi robo.

Miaka minne iliyopita nilipimwa mishipa ya shingo kwa ultrasaundi, kwa sababu ya kizunguzungu. Mishipa mizima. Kwenye bawa la kulia la kipepeo, kinundu. Kijana aliyekuwa anapima alinyamaza ghafla, nami nikajua, maana ukimya ule niliufanya mwenyewe miaka 34. Nikamwambia, "Kipime tu baba, usiogope." Milimita 6, kingo laini.

Daktari alinieleza kwamba kwa ukubwa huo na sura hiyo hakuna haja ya sindano. Nilirudi baada ya mwaka: 6. Nilirudi tena mwaka jana: 6. Aliyenipima safari ya mwisho alikuwa msichana aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Aliipangusa jeli shingoni mwangu, akaniuliza kama nataka apime na upande mwingine wa mwili maadamu nimekuja. Nikamwuliza, kwa ajili ya nani? Akacheka, akazima mashine.